Kilomita Mbili za Lami, Mameneja 139: Bei Halisi ya Kumfundisha Mhandisi Kuongoza

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017, na mtandao wa barabara ulio chini yake unahesabiwa kuwa na takribani kilomita 144,000. Tanzania Bara ina wilaya 139. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili: kila wilaya, kwa wastani, ina zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na anayebeba dhamana yake ni mhandisi aliyepewa cheo cha meneja.

Mhandisi huyo alikaa chuoni miaka minne akijifunza udongo, zege, mitaro na nguvu za madaraja. Kazi anayoifanya leo ni nyingine. Anapanga bajeti, anasimamia mikataba kadhaa kwa wakati mmoja, anajibu hoja za wakaguzi, anagawa kazi kwa mafundi sanifu, na anakaa mbele ya madiwani wanaotaka kujua kwa nini greda halijafika kwenye kata zao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hakuwahi kufundishwa. Anajifunzia palepale, na kila kosa linalipiwa na fedha za umma.

Pengo hilo ndilo linalolengwa na shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa nchi, mafunzo haya ni rahisi mno yakilinganishwa na hasara yanayozuia. Kwa mhandisi mmoja mmoja, shahada hiyohiyo inaweza kumlipa ndani ya miaka miwili au kumfunga kwenye deni hadi karibu na kustaafu. Tofauti inaletwa na njia anayopitia kuipata. Tuweke namba mezani.

Ukubwa wa hasara

Mtafiti wa Denmark, Bent Flyvbjerg, amekusanya taarifa za miradi zaidi ya 16,000 kutoka nchi 136. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2023 pamoja na Dan Gardner anaonyesha kwamba ni asilimia 8.5 tu ya miradi hiyo iliyomalizika kwa bajeti na kwa wakati. Ukiongeza sharti la tatu, kwamba mradi ulete pia faida zilizoahidiwa, inabaki asilimia 0.5. Kwa wastani, mabwawa ya umeme hupita bajeti kwa asilimia 75, reli kwa 39 na barabara kwa 16. Mitambo ya umeme wa jua hupita kwa asilimia 1 tu.

Nyumbani tunaona zaidi ucheleweshaji. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere ulisainiwa Desemba 2018 kwa takribani shilingi trilioni 6.5, kwa ajili ya mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Muda uliopangwa ulikuwa miezi 42, yaani hadi Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Kipande cha reli ya kisasa, SGR, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kujengwa Aprili 2017 kwa ratiba ya miezi 30. Abiria wa kwanza walipanda Juni 2024.

Haitakuwa haki kuwabebesha wahandisi lawama yote. Janga la UVIKO-19 lilivuruga usafirishaji wa vifaa duniani kote, usanifu ulibadilishwa njiani, mvua zilinyesha kupita kiasi, na maamuzi ya fedha hufanyika mbali na eneo la kazi. Lakini ukubwa wa miradi hii unabadilisha maana ya kosa dogo. Asilimia moja ya trilioni 6.5 ni shilingi bilioni 65. Tukichukua milioni 12 kuwa gharama yote ya kumsomesha mhandisi mmoja shahada ya uzamili ya jioni hapa nchini, bilioni 65 zinasomesha wahandisi 5,416. Usimamizi ulioboreshwa kiasi cha kuokoa asilimia moja ya mradi mmoja ungelipia kizazi kizima cha viongozi wa fani hii.

Kinachofundishwa, kwa namba

Wazo kwamba mhandisi anapaswa kujua fedha lina umri mrefu. Mwaka 1886, Henry Towne aliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani mada iliyomtaka mhandisi awe pia mchumi, kwa sababu usimamizi wa karakana una uzito sawa na ufundi wake. Baadaye vyuo vilianza kulifundisha kama fani kamili, na mwaka 1979 Marekani ikapata chama cha kitaaluma cha usimamizi wa uhandisi.

Programu za leo hutofautiana, lakini kiini chake ni kimoja: uchumi wa miradi, upangaji wa ratiba, udhibiti wa gharama, sheria ya mikataba, ubora, hatari, na uongozi wa watu. Mifano mitatu inatosha kuonyesha thamani yake.

Mfano wa kwanza ni kupima maendeleo. Chukua barabara yenye bajeti ya shilingi bilioni 10 na muda wa miezi 12. Ifikapo mwezi wa sita, ratiba inataka nusu ya kazi iwe imekwisha. Vitabu vya fedha vinaonyesha bilioni 5 zimetumika, na mtu anayeangalia fedha peke yake atatangaza kuwa mambo yanakwenda sawa. Vipimo vya saiti, hata hivyo, vinaonyesha kazi iliyofanyika ni asilimia 40. Kazi yenye thamani ya bilioni 4 imegharimu bilioni 5. Kila shilingi moja imezaa senti 80 za kazi. Mwendo ukibaki huohuo, barabara itakamilika kwa bilioni 12.5 na itachukua miezi 15. Meneja anayeijua hesabu hii analiona tatizo mwezi wa sita, wakati bado ana miezi sita ya kulirekebisha. Asiyeijua hulipata mwezi wa kumi na moja kupitia barua ya mkandarasi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mradi lazima liwe na safu mbili, ya fedha na ya kazi.

Mfano wa pili ni saa ya mkataba. Mikataba mingi ya ujenzi katika Afrika Mashariki hufuata vielelezo vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Katika toleo la mwaka 1999 la mkataba wa ujenzi, mkandarasi anayetaka kuongezewa muda au fedha ana siku 28 za kutoa taarifa tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Siku hizo zikipita, haki yake imekwenda. Mhandisi wa kampuni ya ujenzi asiyejua kifungu hicho anaweza kujenga vizuri kabisa na bado akaipotezea kampuni yake mamilioni kwa barua ambayo haikuandikwa.

Mfano wa tatu unamhusu mwenye mradi. Katika mkataba huohuo, malipo ya hati ya kazi iliyofanyika yanapaswa kutolewa ndani ya siku 56 tangu Mhandisi anayesimamia mkataba alipoipokea taarifa ya madai na viambatisho vyake. Yakichelewa, deni linaanza kuzaa riba iliyo juu ya kiwango cha benki kuu kwa pointi tatu, inayojumlishwa kila mwezi. Tuseme riba hiyo imefika asilimia 12 kwa mwaka, na hati ya shilingi bilioni 2 imekaa miezi sita baada ya tarehe yake ya mwisho. Riba inafika takribani shilingi milioni 123. Hakuna kalvati lililojengwa kwa fedha hizo na hakuna kijiji kilichofikiwa. Hoja ya riba inayotokana na kuchelewa kuwalipa makandarasi imejirudia katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka baada ya mwaka.

Kweli, mhandisi hashiki funguo za Hazina. Lakini yeye ndiye anayependekeza kazi ngapi zianze, zianze lini, na hati zipi zitaiva mwezi gani. Aliyefundishwa kuoanisha mpangokazi na mtiririko wa fedha hatafungua mikataba mitano katika robo ya mwaka ambayo fedha zake zinatosha mitatu. Na milioni 123 za riba ya hati moja zingewasomesha wahandisi kumi kwa ile gharama ya milioni 12.

Bei ya njia nne

Sasa tumgeukie mhandisi mwenyewe. Katika hesabu zinazofuata nimetumia viwango vya kukadiria: dola moja kwa shilingi 2,500, yuro kwa 2,850 na pauni kwa 3,300. Mhandisi wetu wa mfano anapokea mkononi shilingi milioni 2 kwa mwezi, na tunakisia kwamba cheo atakachopata baada ya masomo kitamwongezea shilingi 500,000 kwa mwezi. Kila msomaji aweke namba zake. Hesabu ni ileile.

Njia ya kwanza ni kusoma jioni hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 na leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, hufundisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi. Kwa ada, utafiti, vitabu na nauli tumeweka milioni 12 kwa miaka miwili. Mshahara unaendelea. Gharama halisi: milioni 12.

Njia ya pili ni mtandaoni. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kilipoanza kutoa shahada yake ya usimamizi wa uhandisi kupitia jukwaa la Coursera, bei ilikuwa dola 667 kwa kila krediti, na krediti ni 30. Jumla ni dola 20,010, sawa na takribani shilingi milioni 50. Mshahara hapa pia unaendelea, na mhandisi wa Sumbawanga anasoma sawasawa na wa Mikocheni, mradi awe na umeme na intaneti ya kuaminika.

Njia ya tatu ni Uingereza, mwaka mmoja. Tuchukue ada ya pauni 28,000, ambayo ni ya kawaida kwa mwanafunzi wa kigeni katika fani hizi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwombaji wa viza anayesoma nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi hadi miezi tisa, yaani pauni 10,224. Viza yenyewe ilikuwa pauni 524, na tozo ya afya kwa muda wote wa viza ya kozi ya mwaka mmoja ilifika pauni 1,164. Jumla ni pauni 39,912, karibu shilingi milioni 132 kabla ya tiketi ya ndege. Ongeza mshahara wa mwaka mmoja usiopokelewa, milioni 24, unapata milioni 156.

Njia ya nne ni Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza mwaka 2024. Hata pasipo ada, tangu Septemba 2024 mwombaji hutakiwa kuwa na yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti maalumu. Miaka miwili ni yuro 23,808, sawa na shilingi milioni 68. Mshahara uliokosekana ni milioni 48. Masomo yasiyo na ada yamegharimu milioni 116. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi hadi siku 140 kamili kwa mwaka, na hilo hupunguza mzigo kwa anayemudu lugha.

Wapo wanaofikiria MBA ya Marekani badala ya shahada hii. Ada ya Harvard Business School kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilizidi dola 76,000. Kwa miaka miwili ni zaidi ya shilingi milioni 380, kabla ya chumba na chakula.

Miezi ya kurudisha fedha

Gawanya kila gharama kwa ile nyongeza ya 500,000. Njia ya jioni inarudisha fedha kwa miezi 24. Ya mtandaoni inachukua miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Ujerumani inachukua miezi 232, zaidi ya miaka 19. Uingereza kwa fedha zako mwenyewe inachukua miezi 312, ambayo ni miaka 26. Mhandisi wa miaka 34 atakuwa na miaka 60 siku fedha yake itakaporudi, yaani kwenye umri wa kustaafu kwa lazima serikalini.

Ufadhili unabadilisha picha, lakini haufuti gharama yote. Tuzo kamili ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mwaka mmoja huko hulipa ada, posho na safari. Aliyeacha kazi ili aende bado amepoteza mshahara wa milioni 24, mara mbili ya gharama ya njia ya jioni. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo na kuendelea kulipwa anabaki na gharama ndogo sana, ndiyo maana barua ya ruhusa ina thamani ya mamilioni na inastahili kufuatiliwa mapema, kabla hata ya fomu ya chuo. Chevening hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea nao unadai miaka miwili. Vijana wanaoomba mara tu baada ya kuhitimu hupoteza muda wao.

Mkopo nao uhesabiwe kwa makini. Milioni 12 za benki kwa riba ya asilimia 15 kwa miezi 24 zinahitaji marejesho ya takribani shilingi 582,000 kila mwezi, na riba yake yote inakaribia milioni 2. Kulipa ada kwa awamu, kila muhula kwa wakati wake, ni wastani wa 500,000 kwa mwezi na hakuna riba. Chuo kinachokubali awamu kinampa mhandisi unafuu mkubwa kuliko punguzo dogo la ada.

Lini usome, lini usubiri

Somo la uongozi lina faida kwa mtu mwenye kitu cha kuongoza. Tanzania ina mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu, SEAP, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu hupitia miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Ningemshauri kijana amalize hatua hiyo kwanza, afanye kazi miaka miwili au mitatu zaidi, kisha aingie darasani akiwa na mikataba aliyoigusa kwa mikono yake. Kifungu cha siku 28 humwingia vizuri zaidi aliyewahi kuona kampuni ikipoteza dai.

Anayetaka kubaki bingwa wa usanifu wa madaraja au mifumo ya umeme asikimbilie usimamizi kwa sababu ya cheo. Shahada ya uzamili ya fani yake itamfaa zaidi, na nchi inamhitaji vilevile. Na aliye tayari kwenye uongozi anayehitaji zana za ratiba na gharama pekee anaweza kuanza na cheti cha PMP cha taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye shahada hudaiwa miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, kisha mtihani wa maswali 180. Bei ya mtihani ni dola mia chache. Hakitachukua nafasi ya shahada, hasa kwenye uchumi na sheria, lakini ni mlango wa bei nafuu.

Anayesoma jioni achague pia tasnifu yenye faida. Utafiti juu ya hati za malipo zilizochelewa katika taasisi yake, au juu ya sababu za kazi za ziada katika mikataba kumi iliyokwisha kufungwa, unaweza kumrudishia mwajiri fedha nyingi kuliko ada aliyolipa.

Nani alipe

Njia ya jioni, pamoja na unafuu wake, inawaacha wengi nje. Mhandisi wa Kibondo au Tunduru hawezi kuwa darasani Dar es Salaam saa kumi na moja jioni. Mhandisi mwanamke mwenye mtoto mchanga analipa bei nyingine kwa kila saa ya usiku. Chuo Kikuu cha Pretoria huwafundisha mameneja wa uhandisi kwa mikupuo ya wiki nzima, ili mtu atoke kazini mara chache kwa mwaka na kurudi. Vyuo vyetu vikiutumia mtindo huo Dodoma, Mbeya na Mwanza, mlango utafunguka kwa wilaya ambazo ndizo zenye kilomita nyingi na wasimamizi wachache.

Kwa upande wa malipo, hesabu ni nyepesi. Mameneja 139 wa wilaya, kila mmoja kwa milioni 12, ni shilingi bilioni 1.67. Kilomita moja ya barabara kuu ya lami hugharimu zaidi ya bilioni 1. Kundi zima la watu wanaosimamia barabara za vijiji na miji ya nchi hii linaweza kusomeshwa kwa bei isiyofika kilomita mbili za lami, na gharama hiyo inaweza kugawanywa kwa miaka mitatu au minne bila wilaya yoyote kuachwa wazi.

Mwajiri anayeogopa kwamba msomi ataondoka ana dawa yake: mkataba wa kutumikia miaka miwili au mitatu baada ya masomo, au kurejesha sehemu ya ada. Kampuni binafsi za makandarasi na washauri elekezi zinaweza kufanya vivyo hivyo. Na kwa miradi mikubwa, mikataba ya ushauri elekezi mara nyingi huwa na fungu la kuwafundisha watumishi wa mwenye mradi. Fungu hilo mara nyingi huishia kwenye semina za siku tatu na ziara za nje. Katika mradi wa bilioni 100, robo ya asilimia moja ni milioni 250, ada ya wahandisi ishirini. Wakati wa kuliandika kwa jina lake, pamoja na idadi ya watakaosoma na shahada watakayoipata, ni pale nyaraka za zabuni zinapoandaliwa. Taasisi zinazoandaa bajeti za mwaka ujao zina nafasi hiyo sasa, na mhandisi anayekaa kwenye kikao hicho ana haki na wajibu wa kuidai.